Uzi, Pini au Gundi: Mshono Unafungwaje, na Bakteria Wanapitia Wapi?

Mtaani ikisikika kwamba mshono wa fulani "umeachia" au "umetunga usaha", kesi husikilizwa papo hapo. Mmoja atasema uzi uliotumika haukuwa mzuri. Mwingine atasema mgonjwa alianza kula mayai mapema mno. Wa tatu atauliza mbona hakuandikiwa antibayotiki za kutosha. Washtakiwa wanakuwa wengi, ila bakteria mwenyewe, ambaye ndiye mhusika mkuu, hatajwi kabisa.

Leo tumfuatilie huyo bakteria. Tuone anatoka wapi, anaingiaje kwenye jeraha la upasuaji, na je, namna jeraha lilivyofungwa (kwa uzi, kwa pini au kwa gundi) inampa nafasi au inamnyima? Swali hili si la madaktari peke yao. Wewe unayesoma, kama hujawahi kupasuliwa, basi kuna ndugu yako aliyejifungua kwa upasuaji, aliyetolewa kidole tumbo au aliyefanyiwa operesheni ya ngiri. Na mara nyingi anayeubadilishia bandeji huo mshono nyumbani ni wewe.

Tatizo lina ukubwa gani?

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotoa mwongozo wake wa kuzuia maambukizi ya upasuaji mwaka 2016, lilieleza kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban wagonjwa 11 kati ya kila 100 wanaofanyiwa upasuaji hupata maambukizi. Kwa Afrika, hadi asilimia 20 ya wanawake wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda. Yaani mama 1 kati ya 5.

Tusogee nyumbani. Utafiti uliofanyika Hospitali ya Bugando, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2011, ulifuatilia wagonjwa 250 wa upasuaji wa aina mbalimbali. Kati yao 65, sawa na asilimia 26, walipata maambukizi. Utafiti mwingine wa hospitali hiyo hiyo, wa mwaka 2014, uliwaangalia wanawake waliojifungua kwa upasuaji tu, na hapo kiwango kilikuwa karibu asilimia 11. Kumbe hata ndani ya jengo moja namba zinatofautiana kulingana na nani amepasuliwa na amepasuliwa nini.

Jambo moja la kukumbuka: kitaalamu, maambukizi yanahesabika kuwa ya upasuaji yakitokea ndani ya siku 30 baada ya operesheni, au hadi siku 90 kwa baadhi ya operesheni ambazo mgonjwa amewekewa kitu mwilini, kwa mfano chuma cha mfupa. Kwa hiyo mtu anaweza kuruhusiwa akiwa mzima kabisa, na tatizo likamkutia nyumbani.

Bakteria wanatoka wapi?

Wengi wetu tunadhani wanatoka kwenye vifaa vichafu au hewa ya wodini. Inawezekana. Lakini mara nyingi bakteria wanaoharibu mshono walikuwa kwa mgonjwa mwenyewe kabla hajalala mezani. Chukua mfano wa *Staphylococcus aureus*, mmoja wa vinara wa usaha duniani. Takriban mtu mmoja kati ya watatu anaye huyu bakteria puani, anaishi naye kwa amani, hata habari hana. Utumbo nao una mabilioni ya bakteria, akiwemo *E. coli*, ambao wakibaki ndani ya utumbo hawana shida, lakini wakimwagika kwenye jeraha ni habari nyingine.

Ndiyo maana madaktari huzigawa operesheni katika makundi manne. Kuna operesheni safi, kama ya ngiri ya kawaida, ambapo utumbo wala njia ya mkojo haiguswi. Kuna safi yenye uchafuzi kidogo, ambapo kiungo chenye bakteria kinafunguliwa kwa mpango na kwa udhibiti. Kuna iliyochafuliwa, kwa mfano jeraha jipya la ajali. Na kuna chafu, ambapo usaha au kinyesi tayari kipo ndani, kwa mfano kidole tumbo kilichopasuka. Mtu wa kundi la kwanza na mtu wa kundi la nne hata wakishonwa na daktari yule yule kwa uzi ule ule, hatari zao hazifanani hata kidogo.

Sasa, bakteria kuwepo kwenye jeraha siyo maambukizi bado. Hakuna jeraha la upasuaji lisilo na bakteria hata mmoja. Kinachoamua ni mizani: bakteria ni wangapi, ni wakali kiasi gani, na upande wa pili ulinzi wa mwili uko imara kiasi gani. Bakteria mmoja akipata chakula na joto anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Piga hesabu: kwa saa 8 anagawanyika mara 24, na mmoja amekuwa zaidi ya milioni 16. Kazi ya chembe nyeupe za damu ni kuhakikisha hesabu hiyo haifiki mbali. Kwa hiyo kila kitu tutakachokijadili kuanzia hapa, mwulize swali moja: je, hiki kinawasaidia bakteria au kinawasaidia chembe nyeupe?

Uzi mmoja unavyobadilisha hesabu

Mwaka 1957 watafiti wawili nchini Uingereza, Elek na Conen, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo leo pengine lisingepitishwa na kamati ya maadili. Waliwadunga watu waliojitolea bakteria wa *Staphylococcus* kwenye ngozi ili kujua ni wangapi wanahitajika kuleta usaha. Jibu lilikuwa la kushangaza: ngozi yenye afya ilihitaji bakteria milioni kadhaa. Mwili si mnyonge kama tunavyodhani.

Kisha wakarudia, safari hii wakiwa wameacha kipande cha uzi wa hariri kwenye ngozi. Bakteria waliotosha kuleta usaha walikuwa mia chache tu. Uzi mmoja umepunguza kiwango hicho karibu mara elfu kumi!

Kwa nini? Uzi ni kitu kigeni. Hauna damu ndani yake, hivyo chembe nyeupe haziwezi kupita katikati yake. Bakteria wakijishika juu yake hujitengenezea utando wa ute unaowafunika, na ndani ya utando huo chembe nyeupe zinawakosa na hata dawa huwafikia kwa shida. Hapo ndipo penye mgogoro wa mada yetu: kitu kile kile kinachofunga mlango wa jeraha ndicho kinachowapa bakteria pa kujificha.

Hii haimaanishi tuache kushona. Jeraha lililofungwa vizuri huwa limezibwa juu na chembe mpya za ngozi ndani ya saa 24 hadi 48. Ukiliacha wazi bila sababu, unaacha mlango wazi kwa wiki kadhaa. Swali ni kufunga kwa nini, na kwa namna gani.

Nyuzi hazifanani

Nyuzi zinatofautiana kwa mambo makubwa mawili. La kwanza: je, unayeyuka mwilini au hauyeyuki? Unaoyeyuka hautolewi, usioyeyuka, kama nailoni kwenye ngozi, lazima ukatolewe. La pili ni umbile lake, na hili ndilo linalotuhusu zaidi. Kuna uzi wa mwonzi mmoja, mfano wake ni mshipi wa kuvulia samaki: laini, hauna mianya. Na kuna uzi uliosukwa kwa nyuzi nyembamba nyingi, kama kamba ya katani. Hariri imo kwenye kundi hili.

Chovya ncha ya kamba ya katani kwenye maji halafu subiri. Maji yatapanda. Chovya mshipi: hayapandi. Uzi uliosukwa unafyonza majimaji vivyo hivyo, na bakteria husafiri nayo hadi kwenye mianya ambayo chembe nyeupe, ambazo ni kubwa kuliko bakteria, haziwezi kupenya. Basi mbona uliosukwa bado unatumika? Kwa sababu ni laini mkononi na fundo lake linashika vizuri. Wa mwonzi mmoja ni mgumu kidogo na fundo lake huteleza, hivyo unahitaji mafundo mengi zaidi. Kila uzi una faida na gharama yake, na daktari anachagua kulingana na mahali anaposhona.

Pini, gundi na plasta

Pini za chuma, zile zinazofyatuliwa kwa kifaa kama stepla ya ofisini, zina sifa moja kubwa: kasi. Jeraha refu linafungwa kwa dakika chache. Lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha wanawake 746 waliojifungua kwa upasuaji, uligundua kuwa waliofungwa kwa pini walipata matatizo ya kidonda kwa asilimia 10.6, ilhali walioshonwa kwa uzi ni asilimia 4.9. Angalia vizuri hapa: tofauti hiyo ilitokana zaidi na mshono kuachia, siyo usaha. Haya ni mambo mawili ingawa mtaani tunayachanganya. Kwa upasuaji wa mifupa, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta hatari ya maambukizi kwa pini ni zaidi ya mara tatu ya uzi, ingawa waandishi wenyewe walionya kuwa tafiti walizozikusanya nyingi hazikuwa imara.

Gundi ya ngozi ni ndugu wa ile gundi kali inayokunata vidole. Familia yake iligunduliwa Marekani mwaka 1942 katika utafiti uliokuwa ukitafuta plastiki angavu kwa matumizi ya vita, na baadaye ilitumika kwa majeruhi katika Vita vya Vietnam ili kuzuia damu. Ya kufungia ngozi ilipata kibali rasmi Marekani mwaka 1998. Uzuri wake: hakuna sindano, hakuna uzi unaopita ndani ya ngozi, na ikikauka ni kama bandeji isiyopitisha maji. Udhaifu wake: haina nguvu ya kushikilia sehemu inayovutwavutwa, kama goti. Tafiti zikijumlishwa, gundi huachia zaidi kuliko uzi, na kwa upande wa maambukizi hakuna tofauti iliyo wazi. Plasta nyembamba za kuvuta kingo za ngozi nazo zinafaa kwa majeraha madogo yasiyo na mvutano.

Kuna njia ya mwisho ambayo ndugu wengi wa wagonjwa hawaielewi: kutofunga. Jeraha likiwa chafu sana, daktari anaweza kushona tabaka za ndani, akaacha ngozi wazi na bandeji yenye unyevu, kisha akaifunga baada ya siku 3 hadi 5 akiona limetulia. Ukilikuta jeraha la mgonjwa wako liko hivyo, usiseme ametelekezwa. Kumfungia bakteria ndani ya jeraha chafu ni kumpa chumba na chakula.

Mkono wa mshonaji

Uzi bora mkononi mwa asiye makini haukusaidii. Mshono ukivutwa mno, damu haifiki kwenye ngozi iliyobanwa, ngozi inakufa, na nyama iliyokufa ni chakula cha bakteria kisicho na mlinzi. Ukilegezwa mno, chini yake panabaki uwazi unaojaa damu na majimaji, na huko nako bakteria wanashiba. Kingo zinatakiwa kugusana tu, zisinyongane.

Hata umbali wa sindano una maana. Uholanzi walilinganisha namna mbili za kushona ukuta wa tumbo kwa wagonjwa 560, na matokeo yakatoka mwaka 2015. Walioshonwa kwa hatua ndogo za milimita 5 walipata ngiri ya mshono kwa asilimia 13 baada ya mwaka mmoja. Walioshonwa kwa hatua kubwa za sentimita 1, asilimia 21. Uzi haukuwa siri ya ushindi. Siri ilikuwa namna ya kushona. Ila maambukizi hayakutofautiana kati ya makundi hayo, na hilo linatuonyesha kuwa uimara wa mshono na usafi wake ni mitihani miwili tofauti.

Je, tukiupaka uzi dawa?

Hili ni wazo la kawaida kabisa. Kama uzi ndio maficho, si tuutie dawa ya kuua bakteria? Si wazo jipya. Joseph Lister, daktari wa upasuaji aliyeanza kutumia asidi ya kaboliki kwenye majeraha huko Glasgow mwaka 1865, alizichovya nyuzi zake za utumbo wa mnyama kwenye dawa hiyo hiyo. Siku hizi kuna nyuzi zilizopakwa triklosani, na mwongozo wa WHO wa 2016 ulipendekeza zitumike, japo kwa pendekezo lisilo la nguvu.

Kisha ukaja utafiti mkubwa ulioitwa FALCON, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2021. Ulihusisha wagonjwa 5,788 wa upasuaji wa tumbo katika hospitali 54 za nchi saba: Benin, Ghana, India, Meksiko, Nigeria, Rwanda na Afrika Kusini. Kwa jumla, asilimia 22 ya wagonjwa walipata maambukizi. Na uzi wenye dawa? Haukuleta tofauti yoyote ya maana. Kusafisha ngozi kwa klorheksidini yenye spiriti badala ya iodini ya maji nako hakukuleta tofauti. Kwa hospitali inayohesabu kila shilingi, hii ni habari kubwa: usitumie pesa mara mbili kununua uzi ghali ukidhani umenunua usalama.

Watafiti wa mtandao huo huo, katika nchi hizo hizo saba, wakajaribu jambo jingine rahisi mno. Kabla tu ya kufunga tumbo, timu nzima inayopasua ibadilishe glovu na ichukue vifaa vipya visafi. Basi. Mantiki yake unaiona: glovu zilizokuwa zinashika utumbo nusu saa iliyopita ndizo zinazoshika uzi sasa. Utafiti huo, ChEETAh, ulihusisha wagonjwa 13,301 katika hospitali 81, na matokeo yakatoka mwaka 2022. Maambukizi yalishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0. Inaonekana ndogo, lakini ni karibu watu 3 waliookolewa na usaha kwa kila 100, kwa gharama ya glovu na seti ya ziada ya vifaa.

Antibayotiki: muda una maana kuliko wingi

Turudi kwa yule aliyeuliza mbona mgonjwa hakuandikiwa dawa za kutosha. WHO inasema dozi ya kinga itolewe ndani ya dakika 120 *kabla* ya kisu kugusa ngozi, kwa operesheni zinazoihitaji, ili dawa iwe tayari imo kwenye damu bakteria wanapoingia. Kuendelea kuitoa baada ya operesheni kwa lengo la kinga, hapana. Haipunguzi maambukizi, na inawafundisha bakteria ukaidi. (Kama kuna maambukizi tayari, hayo ni matibabu, na dozi inamalizwa kama ilivyoandikwa.)

Je, inawezekana kwetu? Hospitali ya Thika, Kenya, ilijaribu mwaka 2011. Kabla ya hapo takriban wagonjwa wote walikuwa wakipewa antibayotiki baada ya operesheni, na kabla ya operesheni ni kama asilimia 2 tu. Baada ya sera mpya, ndani ya wiki chache karibu wote walikuwa wanapewa kabla, na za baadaye zikapungua kabisa. Halafu kuna hospitali tano za Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe zilizounganisha hatua kadhaa kwa pamoja: kuoga, kutonyoa, dawa kwa wakati, maandalizi mazuri ya mikono na ngozi, na nidhamu ndani ya chumba cha upasuaji. Kwa mujibu wa matokeo ya 2018, maambukizi yalishuka kutoka asilimia 8.0 hadi 3.8. Hakukuwa na uzi wa ajabu.

Wewe ufanye nini?

Kama umepangiwa upasuaji, oga vizuri kabla. Sabuni ya kawaida inatosha. Usijinyoe kwa wembe nyumbani. Wembe unaacha mikwaruzo midogo usiyoiona, na kila mkwaruzo ni mlango. Kama nywele lazima ziondolewe, zipunguzwe kwa mashine hospitalini. Ukivuta sigara, acha mapema; ukiwa na kisukari, hakikisha sukari imedhibitiwa.

Baada ya operesheni, acha bandeji safi na kavu kwa saa 48 za mwanzo, isipokuwa umeambiwa vinginevyo. Nawa mikono kabla ya kugusa mshono, hata kama ni wako. Usipake majivu, dawa ya meno, mafuta wala unga wa kidonge. Kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji: bibi na mashangazi wana nia njema, lakini maji ya moto ya kukandia yasifike kwenye mshono. Yanaunguza ngozi ambayo bado haijapona na yanalowesha bandeji. Na mayai mle jamani! Mwili unajenga ngozi mpya kwa protini. Kumnyima mgonjwa mayai na samaki ni kumnyima fundi matofali.

Wekundu kidogo na maumivu yanayopungua siku hadi siku ni kawaida. Kisicho kawaida ni maumivu yanayoongezeka baada ya kuwa yalikuwa yanapungua, wekundu unaosambaa, joto, uvimbe, usaha au majimaji yenye harufu, homa, au kingo kuachana. Mara nyingi dalili hizi hujitokeza siku chache baada ya operesheni, wakati mgonjwa tayari yuko nyumbani. Ukiziona, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipitie duka la dawa kununua vidonge, kwa sababu usaha uliofungiwa ndani unahitaji kutolewa, na kidonge hakitoboi jipu.

Na siku ukiwa unaagwa wodini, uliza maswali matatu tu: uzi huu unayeyuka au nirudi kuutoa? Nirudi lini? Nikiona tatizo usiku, nije wapi? Yaandike majibu kwenye karatasi, umpe na yule atakayekuuguza nyumbani ayasome.